Umepunguzwa kazini Tanga? Usitangulize ada

Swali la kwanza la mtu aliyepunguzwa kazini hapa Tanga huwa ni hili: "Sasa nikasomee nini?" Nimelisikia Makorora, nimelisikia Pongwe, na mwaka ule Ami yangu alipoachishwa kazi nililisikia nyumbani kwetu kila jioni baada ya Isha, mpaka chai ikapoa vikombeni. Ni swali la haki kabisa, lakini limewahi mno. Nyuma yake kuna maswali mengine, na mtu akiyaruka hujikuta amelipia kozi asiyoihitaji kwa fedha ambazo hatazipata tena.

Mji wetu umeshapita njia hii. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukapandwa kwanza upande wa Pangani, na mwaka huohuo reli ikaanza kujengwa kutoka Tanga kwenda bara. Kufikia 1964 nchi ilikuwa ikitoa tani zipatazo 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umebaki karibu tani 20,000. Kiwanda cha mbolea nacho kilikuwa kimefungwa. Wakataji, watu wa mashine za korona na za brashi, makarani wa mashamba, wote hao waliambiwa waende nyumbani. Wengi walirudi kulima, wengine wakaingia baharini, wengine wakawa mafundi wa mtaani wasio na karatasi yoyote ya kuonyesha.

Sheria iliyoanzisha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ilipitishwa 1994, kwa hiyo anayepunguzwa leo ana milango ambayo wengi wa wazee wale hawakuwa nayo. Tabu ni kwamba milango yenyewe imetawanyika. Mmoja upo NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, mwingine VETA, mwingine halmashauri, mwingine Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoamua migogoro ya kazi, na hakuna ofisi inayokushika mkono ikakupeleka kwenye nyingine. Ndiyo maana nimeona niipange njia yote hapa kama nilivyoiona nikimsindikiza Ami.

Kazi yako imekufa, imehama au imebadilika?

Haya mambo matatu hayafanani, na kila moja lina dawa yake.

Tazama bandari. Kwa miaka mingi kina cha maji gatini kilikuwa mita 3 tu. Meli kubwa zilitia nanga mbali, mzigo ukateremshwa kwenye matishari, matishari yakavutwa hadi gatini, mzigo ukapakuliwa tena. Baada ya kuchimbwa, kina kimefika mita 13, na gati la mita 450 linapokea meli moja kwa moja. Mzigo uliokuwa ukishikwa mara mbili sasa unashikwa mara moja. Bandari ina shughuli zaidi kuliko zamani, ila mikono inayotakiwa ni mingine: ya mwendesha kreni, ya fundi wa mitambo, ya dereva wa lori. Hii ni kazi iliyobadilika. Mtu wake hahitaji kuanza maisha upya, anahitaji kuijua mashine mpya iliyokuja mahali palepale anapopafahamu.

Kazi iliyohama ni kama ya ujenzi wa bomba la mafuta ghafi. Bomba lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, na linaishia hapa kwetu Chongoleani. Kulijenga kunataka watu wengi sana, kuliendesha kunataka wachache. Mchomeleaji aliyemaliza mkataba wake pale bado ana kazi, isipokuwa ipo mkoa mwingine, kwenye mradi mwingine. Anachohitaji ni cheti ambacho mgeni wa huko atakiamini bila kumwona kwanza akishika mashine.

Kazi iliyokufa ndiyo ngumu. Hiyo hata ukienda Kilwa au Morogoro huikuti, au unaikuta inafanywa na mtu mmoja badala ya kumi. Hapo lazima uchimbe chini ya jina la kazi uone kulikuwa na ujuzi gani, maana jina hufa na ujuzi hubaki. Hilo nitalirudia.

Malizana na mwajiri kwanza

Nasema hivi kwa uchungu. Ami alitoka kwenye kampuni aliyoitumikia miaka 19 akiwa na bahasha moja na maneno ya shukrani. Cheti cha utumishi, yaani karatasi ya mwajiri inayothibitisha kazi uliyomfanyia, hakupewa, naye hakujua kwamba ni haki yake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na akae na chama cha wafanyakazi, au wafanyakazi wenyewe pale ambapo chama hakipo, wazungumze: je, kuna njia ya kuepuka? Nani aondoke na kwa vigezo gani? Atalipwa nini? Anayelipwa kwa mwezi hapewi notisi chini ya siku 28. Kuna kiinua mgongo, ambacho kwa uchache ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, kwa miaka isiyozidi 10. Na kuna hicho cheti cha utumishi.

Zingatia hapo penye miaka 10. Mwenye mshahara wa msingi wa Sh 400,000 hupata kama laki moja kwa kila mwaka wa utumishi, maana siku 7 ni takriban robo ya mwezi. Ukitumikia miaka 10 unapata milioni moja hivi. Ukitumikia 19, kama Ami, kwa kiwango cha sheria unapata milioni ileile. Ndiyo maana mkataba wa hali bora kati ya chama na mwajiri una maana kubwa, kwa sababu chama kikiwa kimejadiliana vizuri huko nyuma, kiwango kinaweza kuwa juu ya hicho. Na meza hiyohiyo ya mazungumzo ndipo mahali pa kudai mafunzo: mwajiri alipie kozi, au awaruhusu watu kuhudhuria darasa katika muda wa notisi. Viongozi wengi wa matawi hupigania fedha tu, nami nawaelewa, lakini ada ya kozi fupi kwa watu ishirini ni jambo ambalo mwajiri anaweza kulikubali kwa urahisi kuliko kuongeza mwezi mzima wa mshahara.

Ukiona umeachishwa isivyo halali, unapeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nayo ina muda wake: siku 30 tangu ajira ilipokoma. Kwa mtu ambaye bado hajaamini kilichompata, siku hizo huyeyuka kama barafu ya ferini.

Kisha NSSF. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018 kuna fao la kukosa ajira. Kanuni ya jumla ni kwamba mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 hulipwa theluthi ya mshahara wake, yaani asilimia 33.3, kwa muda wa miezi sita. Aliyechangia chini ya hapo hulipwa mara moja, nusu ya michango yake. Lakini sharti lake kubwa ni kwamba kazi iwe imekutoka, si wewe uliyeiacha. Kwa hiyo ukiitwa ofisini ukaambiwa, "Andika tu barua ya kuacha kazi, mambo yaende haraka," usiandike. Barua hiyo ya mistari mitatu inaweza kukufungia fao zima.

Na hiyo miezi sita, ingawa fedha yake ni ndogo, ndiyo muda wako wa kujifunza. Unga utanunulika, kodi ya chumba italipika kwa kubana, na kozi ya miezi mitatu inaingia ndani yake na kubakiza miezi mitatu ya kutafuta kazi. Ukipoteza miezi minne ya mwanzo ukisubiri kuitwa tena, darasani utaingia tumbo likiwa tupu.

Daftari la Ami

Jumapili moja nilikwenda kwake Ngamiani na daftari na kalamu.

"Ami, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nataka uniambie kazi uliyokuwa ukiifanya."

"Korona."

"Korona tu?"

"Korona tu. Miaka 19. Na korona sasa haipo."

Kwa asiyeijua, korona ni mashine ya kuchakata mkonge. Majani huingia upande mmoja, ngoma yenye visu butu huyakwangua nyama yake, maji husukuma uchafu, na singa hutoka upande wa pili zikiwa nyeupe, tayari kwenda kuanikwa. Katika kilo 100 za majani, singa hazifiki kilo 5. Kilichobaki chote ni maji na makapi, na maji ya mkonge ni makali, hula chuma na huwasha ngozi. Mashine ya namna hiyo haiendi zamu mbili kwa siku, mwaka baada ya mwaka, kwa dua peke yake.

Nikamuuliza: beringi ikichoka unajuaje? Akasema huanza kulia kabla haijapata moto, na ukiisikia asubuhi huna haja ya kusubiri jioni. Nikaandika. Visu je? Nafasi kati ya kisu na bamba ikizidi, singa zinatoka na nyama, ikipungua, zinakatika, yeye alikuwa akiirekebisha kwa mkono na kipande cha bati. Nikaandika. Mikanda alikuwa akiibadilisha mwenyewe na kuikaza. Ufa ukitokea usiku, aliuchomelea kwa dharura mpaka fundi afike. Grisi, aliijua ipi ya wapi. Vijana wapya, waliletwa kwake. Ripoti ya zamu, aliandika yeye. Ukurasa ulijaa, tukageuza, wa pili ukafika nusu. Alilichukua daftari akalisoma kimya kimya, kidole kikifuata mistari.

Hakuna neno "korona" linalotawala pale. Kuna ngoma, mikanda, beringi, visu, mota, pampu, na vitu hivyo vimejaa katika kila mashine ya kusaga, ya kukoboa, ya kukamua na ya kupasulia mbao iliyopo kati ya Duga na Korogwe. Ami hakuwa mtu wa korona. Alikuwa fundi mitambo asiye na cheti.

Hapo ndipo penye mlango ambao wengi hawaujui: urasimishaji wa ujuzi. VETA humpima mtu aliyejifunzia kazini au mtaani, pasipo kumrudisha darasani kujifunza anachokijua. Unajaza fomu, unaeleza kazi ulizofanya na kwa muda gani, unahojiwa, kisha unapewa kazi uifanye mtathmini akiwa anakutazama mikono. Ukionekana unajua, unapata cheti. Ukionekana una pengo, labda hujui kusoma mchoro au mambo ya usalama kazini hayakukaa sawa, unaelekezwa ujaze pengo hilo peke yake. Cheti hicho hakipatikani kwa kuhurumiwa, na mtu aliyekaa karibu na mafundi bila kushika spana ataanguka. Lakini kwa aliyefanya kazi kweli ni njia fupi kuliko zote, nayo ndiyo inayopaswa kutangulia kozi yoyote.

Sasa unaona kwa nini cheti cha utumishi kina uzito. Ami ilibidi arudi kukiomba, mara tatu, kwa nauli yake.

Kozi zenyewe

Ukishajua pengo lako ndipo unapozungumzia kozi. Kozi ndefu za ufundi stadi zina ngazi tatu, I mpaka III, na masomo huanza Januari. Katika vyuo vya serikali vya VETA ada yake imekuwa Sh 60,000 kwa mwaka kwa anayetoka nyumbani na Sh 120,000 kwa anayelala bweni, ukiacha vifaa na michango mingine. Ni ada nafuu mno. Gharama iliyojificha ni muda, maana mwenye watoto watatu shuleni hawezi kukaa miaka miwili bila kuingiza kitu. Kwa kijana wa miaka 22 aliyemaliza kibarua cha ujenzi na hana ujuzi wowote, ningemwambia aende huko bila kusita. Kwa mtu mzima, kozi fupi ndizo zake. Nyingine huchukua wiki chache, nyingine miezi, na zipo za jioni: uchomeleaji, umeme wa majumbani, majokofu na viyoyozi, udereva, mapishi, ushonaji.

Usione haya kubisha hodi VETA. Waajiri wenye wafanyakazi kuanzia 10 hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya malipo yote ya wafanyakazi, na sehemu yake huenda kwenye mafunzo ya ufundi. Miaka yote uliyosaini karatasi ya mshahara, kuna fedha ilikuwa ikilipwa kwa sababu wewe upo kazini.

Nje ya mjini kuna Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa kuiga mfano wa Sweden, na nchi nzima vipo 54. Kwa mkoa wetu kuna cha Handeni na cha Kiwanda, Muheza. Hivi havikuulizi ulifaulu nini shuleni. Anayetaka kurudi kwenye ardhi ana chuo cha Mlingano kwa kilimo na cha Buhuri kwa mifugo, na mji unaosindika maziwa kama huu wetu hauwezi kukosa haja ya mtu anayejua ng'ombe kitaalamu.

Kabla hujalipa chuo chochote cha binafsi, hakikisha kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi. Cheti cha chuo kisichosajiliwa hakikupeleki popote, hata kama mwalimu wake alikuwa hodari.

Kuna wanaokwamishwa na kukosa kidato cha nne tu. Njia yao ni mtihani wa maarifa, yaani QT, kisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inawasaidia watu wa aina hiyo. Ni safari ndefu na inataka subira, ila nimeona mama wa miaka arobaini akiimaliza.

Nani atanunua ujuzi huo?

Kozi haichaguliwi kwa kutazama tangazo lililobandikwa ukutani. Tembea. Nenda gereji za Pongwe, nenda Kange, nenda kwa wauza vipuri, tafuta mafundi watatu wa kazi unayoitaka uwaulize kitu kimoja tu: mara ya mwisho umekosa msaidizi wa kazi gani? Wakikujibu jambo lilelile wote watatu, umepata kozi yako. Bandari ikipokea meli zaidi, malori yanaongezeka. Malori yakiongezeka, matairi, breki na umeme wa magari makubwa vinataka watu. Dereva wa lori anahitaji leseni ya daraja E. Karani wa zamani anayejua nyaraka za mizigo anaweza kutafuta cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha, kinachotolewa hapa nchini kupitia Chuo cha Kodi.

Bodaboda ndiyo inayowameza wengi. Sina neno baya kwa wanaoiendesha, imelisha nyumba nyingi. Ila angalia hesabu ya mtu anayechukua kiinua mgongo chake chote akanunua pikipiki moja: ametoka kwenye ujuzi wa miaka 15 akaingia kwenye kazi ambayo kijana wa jirani ameijua kwa wiki mbili, na mtaji wote upo juu ya magurudumu mawili barabarani. Afadhali milioni hiyo ugawe, sehemu iende kwenye kozi, sehemu kwenye vifaa vya kazi, sehemu ibaki ya chakula.

Jambo linaloniuma ni umri. Mafunzo ya uanagenzi yanayofadhiliwa na serikali ni ya vijana wa miaka 15 hadi 35. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani iliyosimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024, imegawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ami ana miaka 51. Si kijana, si mwanamke, hana ulemavu. Mwenzake wa kike wa umri huohuo anaweza kuingia kwenye kikundi akapata mtaji, naye hawezi. Wanawake wanastahili mlango huo na sitaki ufungwe. Nataka wa Ami ufunguliwe, kwa sababu wanaopunguzwa viwandani mara nyingi ni watu wa makamo, na mfumo unawatazama kama wameshastaafu ilhali bado wana miaka kumi ya kulea. Kwa sasa wa aina yake hutegemea VICOBA, ndugu, au SIDO, ambao wana mafunzo na ushauri kwa wenye viwanda vidogo.

Ami alipimwa asubuhi moja kwenye mashine ya kusaga iliyokuwa imefunguliwa vipande vipande. Aliniambia mtathmini alimwachia spana akakaa pembeni. Alipofungua boksi la beringi aliinusa grisi kwanza, kama alivyozoea, akasema imechanganywa na isiyo yake. Cheti kilipotoka alikitia kwenye karatasi ya nailoni, na sasa kimetundikwa ukutani kwenye kibanda anachofanyia kazi pamoja na fundi mwingine.

Wiki iliyopita nilipita kumjulia hali. Alikuwa ameshika shafti iliyopasuka, akaigeuza mwangani, akaiweka chini. Akaniuliza kozi ya jioni ya uchomeleaji inaanza lini, maana mwezi huu peke yake kazi mbili amezipeleka kwa mtu mwingine.